Mataya Saba ya Mbuzi

Salome tulimzika Mwamkulu mwezi uliopita, kwenye kiwanja cha mume wake, hatua chache kutoka majaruba ya mpunga. Wachimbaji walikuwa wanatoa udongo mweusi uliolowa, na kila walipozidi kushuka maji yalijikusanya chini, wakawa wanayachota kwa ndoo huku wakitaniana ili kimya kisiwazidi nguvu. Shemeji yake alinitambulisha kwa waombolezaji: "Huyu ni mtaalamu wa mifupa, rafiki wa marehemu tangu enzi hizo." Watu wakaitikia kwa heshima. Mimi niliangalia yale maji. Salome hakuwahi kutaka kulazwa Mwamkulu. Alitaka kulala kwao, upande wa Sibwesa, kwenye mwinuko ulio juu ya kijito, pamoja na babu zake na babu za babu zake. Ndivyo familia yao ilivyoamini kwamba wamelala pale, hadi mwaka ule nilipofika na begi la vitabu na kuwaambia kwamba sio.

Ulikuwa mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini. Nilikokulia na wazazi wangu havihusiki na habari hii, nitaviruka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimemaliza chuo kikuu Dar es Salaam, masomo ya mambo ya kale, na nilikuwa nabishana na kila kitu. Kanisani nilimuuliza padri maswali hadi akaacha kunisalimia. Mtu akisema "inajulikana kwamba," nilimkatiza: inajulikana na nani, na alijuaje? Nilidhani kuuliza ni tabia ambayo mtu akiwa nayo anayo kila mahali. Leo naona yalikuwepo maswali niliyoyapenda kwa sababu yaliwasumbua wengine, na yalikuwepo yale ambayo yangenisumbua mimi. Hayo ya pili sikuyauliza.

Mwalimu wangu, Daktari Hilda, ndiye aliyenipeleka Mpanda. Katika kijiji kimoja upande wa Sibwesa, ambacho sitakitaja, watu walikuwa wameanza kuchimba josho la ng'ombe. Wafugaji waliohamia kutoka kaskazini walikuwa wanapoteza ndama kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, kila masika, na josho walilihitaji kweli. Hilo nalisema mapema ili isionekane kwamba palikuwa na mtu mbaya. Mwinuko ule ulifaa kwa sababu ya kijito. Lakini shimo lilipofika kina cha kiunoni, jembe la kwanza lilitoa fuvu, la pili likatoa chungu kilichovunjika na mifupa ya mkono. Mzee Leonardi, baba yake Salome, akaja na kukaa chini ndani ya lile shimo, akakataa kutoka. Alisema wale ni wa kwao. Kila mwaka kabla ya mvua za kwanza alipeleka pale unga na pombe kidogo, kama baba yake alivyofanya. Wafugaji wakasema mifupa ya zamani hiyo inaweza kuwa ya mtu yeyote. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwenye haraka na mpenda haki kwa wakati mmoja, akatoa uamuzi ambao wote waliukubali: wataalamu waje wapime. Wafu wakionekana kuwa wa hapa, mwinuko ni wa Mzee Leonardi na josho litatafutiwa mahali pengine. Wakionekana si wa hapa, josho linaendelea.

Daktari Hilda alimwambia mwenyekiti mbele yangu kwamba vipimo havifanyi kazi namna hiyo. Mwenyekiti akamjibu, "Nyie pimeni tu, mama. Namna tutajua wenyewe."

Nilipanga chumba Kashaulili, mjini Mpanda, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha lililofunikwa kwa gunia, na ukutani kalenda ya mwaka uliokwisha. Chini ya kitanda nilihifadhi kasha la mbao lenye mifupa tuliyoifukua, kila mmoja na mfuko wake: watu watatu, wawili wanawake. Mwenye nyumba alijua na hakusema kitu, ila alihamisha kuku zake. Asubuhi nilivuka barabara kwenda kwa Mama Kulwa, mwanamke mnene wa Kisukuma aliyeuza supu ya kichwa cha mbuzi kwenye banda la mabati. Benchi lake lilikuwa limechongwa fupi, ukikaa watatu wa nne anakaa hewani. Madereva, mafundi cherehani, Warundi walioleta maharage kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba, wote walipitia pale kabla ya kazi. "Msomi," aliniita kuanzia siku ya kwanza, "leo nikupe ulimi au bado unaogopa kuongea?" Siku nyingine alifungua kwa kulalamika: "Treni haijaja tangu jana, kaeni mkijua supu ni ya maji." Watu walicheka. Nami nilicheka, nikachovya chapati yangu.

Kijijini tulikuwa tunalala kwa Mzee Leonardi mwenyewe, jambo ambalo Daktari Hilda hakulipenda lakini nyumba nyingine ya kulala wageni haikuwepo. Jikoni kwao palikuwa na giza hata mchana, na harufu ya migebuka mikavu, samaki wa Ziwa Tanganyika, iliyotoka Karema. Salome, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi na mkubwa kwangu kwa miaka mitano, alisonga ugali wa muhogo huku akisahihisha madaftari kwa mguu, yaani daftari limewekwa chini, kidole gumba cha mguu kimeshika ukurasa. Siku moja baba yake aliniuliza hiyo mashine ya Ulaya, ambako meno yangetumwa kupimwa, itajuaje habari za mtu ambaye hata jina lake halijulikani.

"Jino linaota utotoni, Mzee," nilimwambia. "Likishaota halibadiliki tena. Maji uliyokunywa ulipokuwa mtoto yalipita kwenye mawe, yakabeba chembe za hayo mawe. Mtama ulioota hapo nao umezinyonya. Zinaingia kwenye jino zinakaa humo, hata ukifa. Mawe ya hapa si sawa na mawe ya Tabora. Chembe ni za jina moja, lakini zinapishana uzito, wataalamu wanaziita isotopu. Mashine inapima kiasi cha nzito na nyepesi."

"Kwa hiyo jino linakumbuka maji."

"Tuseme hivyo."

"Na mimi sikumbuki jana nilikula wapi," akasema. Akafungua kinywa na kugonga jino la mbele. "Hili ndilo lililobaki la maana. Likitoka hapa nitakuwa sina pa kuonyesha nilikokulia."

Salome hakucheka. "Msomi, nikuulize. Mkikuta walikulia hapa, itaonyesha ni babu zetu?"

"Hapana. Itaonyesha walikulia hapa."

"Na mkikuta walikulia mbali, itaonyesha sio babu zetu?"

Bibi yao angeweza kuolewa kutoka mbali. Babu angeweza kuhamia akiwa kijana, akazaa, akafa, akazikwa pale. Jibu sahihi lilikuwa hapana tena. Lakini nilikuwa na njaa, na ugali ulikuwa unaletwa, nikasema, "Itasaidia." Neno hilo nimelibeba hadi leo. Lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa mwaka ule, na liliulizwa na mtu anayesonga ugali, na mimi muuliza maswali nilitafuta namna ya kulipita.

Meno peke yake hayasemi kitu. Lazima uwe na cha kulinganishia: wanyama waliozaliwa na kufa pale pale, wasiotembea mbali. Daktari Hilda aliniandikia kwenye karatasi kabla hajarudi Dar: panya wa porini, konokono, sungura, kutoka ndani ya saa moja ya mwendo kuzunguka mwinuko, si chini ya wanyama saba. Karatasi hiyo bado ninayo. Nilikaa kijijini siku nne nikitega panya. Nilipata wawili, mmoja akaliwa na paka wa Salome. Siku ya tano nikashikwa na malaria, nikapakiwa kwenye lori la magunia ya muhogo hadi Mpanda, nikalala kwenye kile kitanda cha kamba zaidi ya wiki nzima juu ya wale watu watatu. Mama Kulwa alikuwa ananiletea supu mwenyewe. Nilipopata nafuu, siku za kutuma vipimo zilikuwa zimebaki tatu, na mezani kwangu kwenye bakuli yalikuwepo mataya ya mbuzi, masafi, yamechemshwa, meno yote yapo. Niliyatazama kwa muda. Kisha nikavuka barabara na kumwomba Mama Kulwa mengine.

"Unataka kufuga mbwa?" akauliza.

"Ya utafiti, mama."

"Chukua. Utafiti wa mifupa iliyokwisha nyama, ndiyo serikali yetu hiyo." Benchi zima likacheka.

Nikawa nayo saba. Nilijiambia kwamba mbuzi ni mbuzi, anakula majani ya alipo, na Mpanda na Sibwesa ni wilaya moja. Nikaandika vibandiko kwa mwandiko mzuri. Kwenye kila kibandiko, mahali pa kuandika mnyama alikotoka, niliandika jina la kijiji cha Salome. Sikuona kwamba nadanganya. Niliona kwamba nakamilisha.

Majibu yalikuja baada ya miezi kadhaa. Kuhusu chakula yalikuwa mazuri, na nilifurahi kama mtoto: wale watu walikula mtama kwa wingi, na samaki zaidi ya tulivyotarajia. Kuhusu walikokulia, karatasi ya Daktari Hilda ilisema kwamba meno ya wote watatu hayaendani na wanyama wa eneo hilo, kwa hiyo huenda walikulia kwingine, ingawa wanyama waliopimwa ni wachache na tahadhari inahitajika. Hakuweza kusafiri. Akanituma mimi kwenda kuyasoma.

Mkutano ulifanyika darasani kwa Salome, watu wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Nilianza na chakula. Mwenyekiti akanikatiza. "Bwana mdogo, mtama tunaujua. Ni wa hapa au sio wa hapa?"

Nilikuwa na lile "huenda" mkononi. Nilikuwa na ile "tahadhari." Lakini watu zaidi ya mia walikuwa wananitazama, na kwa mara ya kwanza maishani mimi ndiye niliyekuwa najua.

"Sio wa hapa," nikasema. "Walikulia mbali."

Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Kumbe na wewe mgeni, Mzee Leonardi! Karibu sana Sibwesa! Umepata kiwanja?" Darasa likapasuka kwa kicheko. Mzee mmoja mfugaji, aliyekuwa amepoteza ndama wengi kuliko wote, alisimama akawanyamazisha. Alikwenda hadi kwa Mzee Leonardi, akamwinamia na kumwambia kwa upole, "Usione vibaya, ndugu yangu. Hata sisi tulikuja." Nadhani ule upole ndio uliomvunja. Kicheko angeweza kukijibu. Mzee Leonardi alinitazama mimi, hakuwatazama wao. "Umehakikisha, mwanangu?"

"Ndiyo, Mzee."

Akatikisa kichwa kukubali. Hakubisha hata neno moja. Kwa miaka mingi nilijiuliza kwa nini hakubisha, na jibu ni kwamba aliniamini. Mimi ambaye sikumwamini padri, wala mwenyekiti, wala wafu wake, nilikutana na mtu aliyeamini kwamba kijana aliyekula ugali wake hawezi kumwambia kitu asichokijua.

Josho lilichimbwa ndani ya mwezi. Wachimbaji walipokuta mifupa mingine waliisogeza kando na kuifukia kwenye shimo moja. Mvua zilipokolea, Salome aliniandikia barua: baba hakupeleka unga mwaka huu. Alipoulizwa alisema, "Nimelisha watu nisiowajua maisha yangu yote. Wangu sijui wako wapi, wana njaa kiasi gani." Amepungua, aliandika Salome. Anakula akiombwa. Niliisoma barua hiyo kwenye benchi la Mama Kulwa, na nilijisikitikia kidogo, kama mtu aliyelazimika kusema ukweli mchungu. Nilijiona shujaa. Hilo nalo naliandika.

Wiki hiyo hiyo reli ilikatika kwa mafuriko upande wa Tabora. Siku ya pili Mama Kulwa aliuza chai kavu. Siku ya tatu nilimuuliza supu itarudi lini.

"Treni ikipita."

"Supu na treni vinahusiana nini, mama?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa maji na mto vinahusiana nini. "Msomi, mwaka mzima unakula mbuzi zangu hujui zinatoka wapi? Kaka yangu anazipakia Shinyanga, zinashushwa hapo stesheni. Mbuzi za huku nani atauza? Ni chache, halafu ghali. Hujawahi kula mbuzi wa huku hata mmoja."

Mtu mmoja alisema, "Kumbe hata supu ni ya kuhamia," wakacheka, na mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai nikiangalia mkono wangu. Mwaka mzima nilikuwa nimelisikia lalamiko lile la treni. Nilikuwa nimelicheka. Wale wafu watatu niliwalinganisha na mbuzi wa Shinyanga, nikakuta hawafanani, nikasema wafu ndio wageni.

Nilikwenda posta kumpigia Daktari Hilda. Simu ilikatika mara mbili. Mara ya tatu nilimwambia yote kwa pumzi moja, pamoja na vibandiko. Daktari Hilda akasema, "Tega panya sasa. Wale niliokuambia." Alisema namba za meno ya watu zipo, kinachokosekana ni cha kulinganishia, ila ile nafasi ya maabara imekwisha na hajui nyingine itapatikana lini. Nilitega. Nilipata panya tisa na konokono wengi. Meno na makome yao yaliwekwa ndani ya droo chuoni yakisubiri safari ambayo haikupatikana. Daktari Hilda alistaafu, ofisi ikapakwa rangi upya, droo sijui ilikokwenda. Mpaka leo sijui wale watu walikulia wapi. Hakuna anayejua.

Lakini wakati ule bado nilidhani kosa likikubaliwa linarekebishwa. Nilichukua kasha chini ya kitanda, nikapanda lori hadi kijijini. Mwenyekiti nilimkuta anakagua josho. Maji ya dawa yalikuwa meupe kama uji, na ng'ombe walikuwa wanaruka ndani mmoja mmoja wakitoa macho. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ni wa hapa?"

"Hatujui, mwenyekiti."

"Nikawaambie watu wafukie josho kwa sababu hatujui?" Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Nikabeba kasha nikaenda.

Mzee Leonardi alikuwa nyumbani, amekaa kwenye kigoda, miguu imekuwa myembamba. Salome alisimama mlangoni, vumbi la chaki kwenye mikono. Nilipiga magoti, si kwa desturi ya kwetu wala ya kwao. Nikamweleza kuhusu malaria, bakuli, vibandiko, treni. Nilipomaliza aliliangalia kasha.

"Basi ni wangu."

Salome akanitazama. Ningeweza kusema ndiyo. Usiku mwingi tangu hapo nimesema ndiyo. Lakini nilikuwa nimekuja kuacha kusema nisichokijua, na niliona kwamba nikimpa uongo wa pili, hata wa kumponya, sitakuwa na sehemu ya kusimama.

"Sijui, Mzee. Nilichokuambia ni makosa. Lakini ukweli wenyewe sijui."

"Hujui kama ni wangu."

"Sijui."

"Na wala hujui kama si wangu."

"Sijui, Mzee."

Akaniomba nifungue kasha. Alitoa taya la mmoja wa wale wanawake, akaligeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Kidole chake kilipata pengo. "Jino hili?"

"Ndilo lililosagwa."

"Lote?"

"Lote."

Alishika pale kwenye pengo kwa muda. Nilidhani atalia, na ningeshukuru. "Kabla hujaja," akasema, "sikuwa najua. Nilikuwa na uhakika tu. Ule uhakika ulitosha kumpelekea mtu unga." Akalirudisha taya taratibu, akafunga kifuniko. "Sasa nikiwazika nitasema nini? Nitawaita nani? Mtu hawezi kumwambia marehemu, karibu kama ni wewe." Akanisukumia kasha. "Rudi nao."

"Baba," Salome akasema.

"Arudi nao. Yeye ndiye wa mwisho kuwajua."

Alifariki kabla ya mavuno. Wakamzika nyuma ya nyumba, kwa kuwa mwinuko ulikuwa wa ng'ombe, na yeye mwenyewe alikuwa amesema hana mtu pale.

Siku ile niliporudishiwa kasha, Salome alinisindikiza hadi barabarani bila kuzungumza, akageuka kabla lori halijasimama. Nikapanda juu ya magunia, kasha magotini. Njiani lori lilizama kwenye tope na utingo akapanda kupunguza mizigo. Alitupa gunia, akatupa tenga la kuku, akafika kwenye kasha, ambalo nilikuwa nimeliweka kando ili nishuke kusukuma. Akalitikisa, akasikia vitu vinagongana ndani.

"Hili la nani?"

Abiria wakatazamana. Mama mmoja akasema si lake.

"Nauliza, hili la nani? Lisipokuwa na mwenyewe naliacha hapa."

"La kwangu," nikasema. "Ni wa kwangu hao."